Pilau Isiyo na Mwenye Shughuli

Usiku wa jana niliota nimeitwa kupika pilau ya jeshi zima, katika nchi ambayo sijawahi kufika, na kama ilivyo kawaida ya wenye shughuli, hakuna aliyeniambia ni pilau ya watu wangapi.

Mimi naitwa Somoe. Hapa Lindi kazi yangu ni kupika kwenye harusi na hitima, na pilau yangu haijawahi kuungua. Sijisifu. Nalitaja hili mapema kwa sababu litakuja kuwa na maana.

Kabla ya kulala nilikuwa nimemaliza kumwambia mwanangu Shaweji kwamba asubuhi aende akajiandikishe jeshini. Jeshini kuna mshahara, kuna sare, kuna watu wa kumwamsha. Shaweji akajibu, "Sawa, mama," kama anavyojibu kila kitu tangu ajue kusema. Nikalala nimeridhika kabisa. Ningejua ningekesha.

Basi niko kwenye uwanja wa gwaride. Sufuria yangu kubwa, ile yenye sikio moja lililopinda, imekaa juu ya mafiga. Wali umeshakauka maji na nimeshapalia: makaa kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Mbele yangu umma umepanga foleni na mabakuli yao. Nyuma yangu limejipanga jeshi. Kila askari amevishwa hatamu mdomoni, kama punda wa kubeba mchanga, na kamba za hatamu zinapanda ukutani mpaka kwenye dirisha la juu kabisa la jengo refu la kijivu. Mkono mmoja wa askari umeshika bunduki. Mkono wa pili umeshika kamba nyingine nyembamba, nayo inapanda mle mle.

"Kamba zote hizi za nini?" nauliza.

"Chama kushika hatamu," anajibu mwanamume aliyesimama karibu na sufuria yangu, karibu kuliko ninavyopenda. "Hujawahi kusikia?"

"Nimesikia. Nilidhani ni maneno."

"Sisi hapa hatusemi maneno matupu."

Huyu ni Kamisaa wa Siasa. Kazi yake ni kuhakikisha jeshi linawaza sawasawa. Ana kalamu kwenye mfuko wa shati, na kwapani ameficha bakuli la plastiki akidhani silioni. Mpishi wa shughuli haonyeshwi bakuli lililofichwa, analiona mwenyewe.

Kisha namwona Shaweji. Yupo safu ya mbele, amenyoa kichwa, amevaa kofia, chuma cha hatamu kimemkaa katikati ya meno. Namwendea mbio.

"Shaweji! Umefika lini huku? Umekula?"

Shaweji anatazama mbele. Jibu linatoka kwenye bunduki yake.

"Askari haongei akiwa kwenye safu," inasema bunduki, kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye mikutano mingi. "Kama una jambo, zungumza na mimi."

"Mimi nazungumza na mwanangu."

"Mwanao bado anaombewa uanachama. Mimi nilijiunga na Chama kabla hajazaliwa. Kadi yangu iko kwenye kitako."

Nainama kutazama. Kweli, kadi ipo, na picha ya bunduki imepigwa ikitazama mbele, haicheki.

"Na wewe kazi yako nini hapa?" nauliza.

"Nahudhuria vikao."

"Si unapiga risasi?"

"Ikipitishwa," inasema. "Lakini sharti nijikosoe kwanza. Mwezi huu nimeota kutu upande wa kushoto. Nimekiri mbele ya tawi. Nimesamehewa kwa masharti."

Naomba mnielewe. Mimi nina pilau motoni. Pilau iliyopaliwa haina subira, inakupa muda wake na muda huo ukipita imekwisha. Na mimi nimesimama nasikiliza kutu ya bunduki!

Ndipo anaingia Jenerali. Nishani zimemjaa kifuani, zikakosa nafasi, zikahamia tumboni, na chache zimeanza kushuka mapajani. Na yeye amevishwa hatamu, ila yake ni ya ngozi laini, nayo inapanda kwenye jengo lile lile. Mkononi ameshika kamba tele zinazoshuka kutoka dirisha la pili. Haonekani kusumbuliwa nazo. Mtu akizoea kitu anakivaa kama saa.

Katika nchi ile, amri lazima itoke kwenye midomo miwili. Jenerali anasema nusu ya kwanza, Kamisaa anasema nusu ya pili. Bila hivyo amri si halali.

"Inueni!" anasema Jenerali.

"Mguu wa kushoto!" anamalizia Kamisaa.

Jeshi linainua mguu wa kushoto.

"Shusheni!" anasema Jenerali.

Kamisaa ameinama juu ya sufuria yangu, ananusa. Jeshi limesimama mguu mmoja kama korongo. Shaweji anaanza kuyumba.

"Wewe baba!" nampigia kelele. "Watoto wa watu wamening'iniza miguu! Maliza amri yako!"

"Mguu wa kushoto," anasema Kamisaa bila kugeuka, na jeshi lote linashusha mguu kwa shukrani.

Nikamshika Kamisaa shati. Nikamwambia pilau inakaribia, anieleze utaratibu: nani anapakua, nani anaanza kula, watoto wako upande gani. Akafurahi kuulizwa. Akasafisha koo.

"Ukifunua mfuniko, harufu itatoka," alisema. "Harufu ikitoka, umma utasogea. Umma ukisogea bila amri, huo ni uasi. Uasi ukitokea, jeshi litalinda umma."

"Litaulinda na nani?"

"Na umma."

"Yaani mtawapiga risasi watu walioshika mabakuli?"

"Wale watakaosogea tu."

"Baba, hii ni pilau! Nani asiyesogea?"

"Ndiyo maana tukaitafuta iliyo nzuri," alisema Kamisaa. "Umesifiwa sana, Bi Somoe."

Nikamtazama Shaweji. Nikaitazama bunduki, imewaelekea wenye mabakuli. Mwanangu, ambaye kuku akichinjwa anakwenda kukaa nyumba ya pili, amesimama pale anasubiri mimi nifunue sufuria ili aue. Hasira ikaja ikanishika, kwani mimi hasira hainiachi peke yangu hata siku moja.

"Sikilizeni," nikasema kwa sauti ya jikoni. "Sufuria yangu haifunuliwi mpaka mwenye shughuli awepo. Ndiyo desturi yetu. Iwe harusi, iwe hitima, mwenye shughuli anakuja, anasimama hapa, anasema bismillahi, ndipo nafunua. Sasa niambieni. Nani mwenye shughuli?"

"Umma," alijibu Kamisaa hapo hapo.

Nikawageukia wenye mabakuli. Mbele kabisa alikuwepo bibi mmoja aliyejifunga leso kiunoni, bakuli lake la bati limepondeka.

"Bibi, shughuli hii yako?"

"Yangu?" alisema bibi. "Mwanangu, mimi nimeambiwa nije na bakuli, nisisogee. Mwenye shughuli anaambiwa asisogee?"

"Na hili jeshi? Wanasema ni lenu."

"Ni letu. Ila haturuhusiwi kuligusa."

Nikamwendea Jenerali. Akasema mwenye shughuli ni Chama, yeye ni mtumishi tu, anashikwa hatamu kama wengine. Akaonyesha dirisha la juu kwa kidevu, maana mikono ilikuwa imejaa kamba.

"Basi nakwenda kumwita," nikasema. "Na mtu yeyote asiguse mfuniko wangu. Wewe Kamisaa, nakuambia wewe."

Napanda ngazi. Kipande cha kwanza ni ngazi za jengo la kijivu. Kipande cha pili ni ngazi za shule niliyosoma Lindi, ambayo haina ghorofa. Kipande cha tatu ni kizingiti cha jikoni kwangu. Kwa kuwa niko jikoni nachukua upawa wangu wa chuma, napiga hatua nyingine moja, nipo kwenye ukumbi wa Kamati Kuu.

Ukumbi una meza ndefu na viti vingi. Hakuna mtu. Viti vyenyewe vinapiga makofi, vyote kwa pamoja, vinanyamaza, vinapiga tena.

"Mnampigia nani?" nauliza.

Viti vinapiga makofi.

Sikuwa na muda wa viti. Harufu ya pilau ilikuwa imenifuata mpaka juu, bado nzuri, lakini imeanza kukauka kwa pembeni. Nikazikamata kamba dirishani nikazifuata kwa mkono. Kamba ya mdomoni mwa Shaweji inaingia ukumbini, inakwenda mpaka ukutani, inazunguka msumari mmoja mkubwa wenye kutu, inarudi, inatokea dirisha la pili, inashuka mpaka mkononi mwa Jenerali. Nikachukua hatamu ya ngozi ya Jenerali. Nayo inapanda, inaingia, inazunguka msumari ule ule, inashuka mpaka mikononi mwa askari.

Nikarudia tena kwa sababu sikuamini. Ikawa vile vile. Jenerali anawashika askari, askari wanamshika Jenerali, na katikati kuna msumari.

"Shikamoo," nikasema. Sikujua nianzie wapi.

"Marahaba," ukasema msumari.

"Wewe ndiye Chama?"

"Nakaimu."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu. Mimi nilipigiliwa hapa nitundikiwe picha. Wakatundika hatamu kwa muda, wakasema watarudi."

"Kina nani?"

"Waliokuwa wakikalia hivi viti. Walikuwa wakibishana sana, palikuwa na kelele hapa. Halafu wakaanza kwenda kujikosoa, mmoja mmoja. Hakurudi mtu. Viti vikabaki na makofi yao."

Viti vikapiga makofi, taratibu.

"Kwa hiyo nani aliamuru watu wapigwe risasi leo?"

"Jenerali alivuta kidogo, akiuliza kama Chama kinaridhia," ulisema msumari. "Askari wakahisi kuvutwa, wakavuta na wao. Jenerali akahisi kuvutwa, akasema Chama kimeridhia. Mimi sikusema kitu. Mimi ni msumari."

Nikapandwa na hasira hadi nikaona nyota. Mwanangu atakuwa muuaji kwa idhini ya msumari! Si hata wangeweka wa maana, huu umeota kutu! Nikaingiza ncha ya upawa chini ya kichwa chake.

"Nikutoe?"

"Nitashukuru," ulisema msumari. "Ila jihadhari. Kila mmoja anavuta."

Nikaukandamiza upawa kwa nguvu zangu zote za kukoroga. Msumari ukatoka ukilia. Chini nikasikia kishindo: jeshi limeanguka chali upande mmoja, Jenerali ameanguka chali upande mwingine, nishani zinabiringika uwanjani. Na kamba zote, kabla hazijatoroka dirishani, nikazidaka.

Nikasogea dirishani nimezishika. Walipoinuka wote walikuwa wakinitazama. Viti nyuma yangu vikapiga makofi kwa nguvu hadi vikaruka.

"Ndugu Mshika Hatamu!" alipaza sauti Kamisaa, na hakuchelewa hata kidogo. "Tunasubiri fikra zako sahihi!"

Nasema kweli, niliona raha. Mimi ninayeomba kuni mara kumi ndipo ziletwe, mimi ninayeambiwa "subiri kidogo" na watoto wa kuosha masufuria, sasa jeshi zima limeninyamazia. Nikasema, "Wekeni bunduki chini."

"Chini tumwelekee nani?" iliuliza bunduki ya Shaweji. "Amri haijafafanua."

Jamani! Nikaona niachane na bunduki, nimtoe mwanangu tu kwenye ile safu, mengine baadaye. Nikaichagua kamba yake nikaivuta. Kidogo tu. Kichwa chake kikageuka ghafla upande wangu, na kwenye pembe za mdomo ikatokea damu. Akapiga hatua mbili mbele akasimama. Akanisalimia kijeshi.

"Shaweji, ni mimi."

"Ndiyo, ndugu," alisema, na chuma mdomoni.

"Ndugu gani? Mimi ni mama yako!"

"Sawa, ndugu."

Aliisema ile ile sawa yake. Sawa ya kila siku, ya jana usiku mezani.

Na hapo ndipo pilau ilipoanza kuungua.

Harufu ya pilau inayoungua kila mwanamke anaijua hata akiwa usingizini. Bibi mwenye bakuli la bati aliinua pua. Akatazama sufuria, akatazama jeshi. Akakaza leso kiunoni.

"Nyie!" alisema. "Chakula kinaungua na nyie mnatazamana?"

Akasogea. Wakasogea na wengine. Sidhani kama kuna aliyewaza mapinduzi pale. Mmoja anatafuta koleo la makaa, mmoja anatafuta maji, mmoja anauliza mpishi wa shughuli hii ni nani na amekwenda wapi, na katika ndoto nzima hakuna lililoniuma kama hilo. Walikuja mbio kuokoa pilau. Lakini walisogea.

"Fyatueni!" alisema Jenerali.

Bunduki zote zikainuka. Amri ilikuwa imebakiza neno moja tu, risasi. Wote wakamgeukia Kamisaa. Kamisaa alikuwa katikati ya wanawake, bakuli mkononi hadharani sasa. Akanitazama mimi kule juu.

"Ndugu Mshika Hatamu," alisema, "neno la pili ni lako."

Nataka kupiga kelele, acheni! Bunduki ya Shaweji inaniona nikivuta pumzi.

"Nakukumbusha," inasema, "amri haina kinyume. Ina nusu ya kwanza na nusu ya pili. Utakalosema, lolote, litakuwa nusu ya pili. Ukisema hapana, tutamtafuta Hapana tumfyatulie."

Mimi Somoe. Mimi ambaye tangu nizaliwe sijamwachia mtu neno la mwisho, si mume wangu marehemu, si muuza nyama, si shehe. Nikafunga mdomo. Nikaumeza ulimi karibu na koromeo. Na mikono nayo nikailegeza.

Jeshi lote lilikuwa limegeuza pua kwenye ile harufu, na kamba zikaondoka na vichwa vyao. Zilinichuna viganja mbio mbio, zikatoka dirishani, zikaanguka uwanjani. Sikulia. Kulia nako kungeweza kuhesabiwa neno.

Uwanja mzima ukabaki na nusu ya amri. Shaweji akajigusa mdomo. Akakivuta kile chuma taratibu, akakitema.

"Pilau inaungua," alisema.

Akailaza bunduki chini.

"Hili halijapitishwa," ilisema bunduki.

"Najua," alisema Shaweji. Akavua kofia, akapangusa nayo makaa juu ya mfuniko, wanawake wakampisha. Akaushika mfuniko. Kisha akasita, kwa maana amelelewa na mimi, anaijua desturi.

"Mwenye shughuli nani?" aliuliza.

"Mwenye njaa," alisema bibi. "Funua."

Akafunua. Nikasikia mlio mmoja mkubwa wa chuma, na sikujua ni mfuniko au ni bunduki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwomba Mungu kelele jikoni kwangu iwe ni sufuria tu.

Nikaamka. Kumekucha. Mlio ulikuwa umetoka uani. Nikatoka na kanga moja, roho juu, nikamkuta Shaweji amechutama karibu na jiko la mkaa, amefunua sufuria ya chai, mfuniko umemdondoka sakafuni. Amevaa shati jeupe nililompigia pasi jana kwa ajili ya kwenda kujiandikisha.

"Shikamoo, mama. Nimekuamsha."

"Marahaba. Geuka nikuone."

Akageuka. Kwenye pembe mbili za mdomo wake palikuwa pamechubuka, pekundu, kulia na kushoto.

"Umefanya nini mdomoni?"

"Sijui," alisema akijigusa. "Nimeamka nao. Hata kupiga mswaki nimeshindwa. Sijui nimelalaje."

Nikavuta kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikakikalia. Nikamtazama mwanangu na shati lake jeupe. Nikamuuliza neno ambalo, nikifikiri vizuri, sikuwa nimemuuliza tangu aanze kuvaa suruali.

"Shaweji, wewe unataka kwenda?"

"Wewe unasemaje, mama?"

"Nimekuuliza wewe!"

Chai ikachemka ikataka kumwagika, akaisogeza. Alitazama makaa. Mara mbili alifungua mdomo, na mara zote mbili niliona kabisa ile sawa ikija, ikarudi.

"Sitaki," alisema.

Nikakasirika, kusema kweli. Unamfungua mtu hatamu kwa mikono yako mwenyewe, unategemea neno la kwanza litakuwa ahsante, anakuambia sitaki. Mshahara je? Sare je? Atakula nini, na mimi nikifa? Yote yakanijaa mdomoni kwa mpigo, yamepanga foleni.

Nikafunga mdomo. Nikammiminia chai, nikampa kikombe nimekishika kwa ncha za kanga, ili asivione viganja vyangu.